Shajara ya mradi: kutoka Lubumbashi kuomba residensi Marekani, msimu wa 2025

17 Machi 2024

Takwimu za NRMP zilitoka Ijumaa. Nafasi 41,503 za residensi, yaani mafunzo ya ubingwa hospitalini, nyingi kuliko mwaka wowote tangu mfumo huo wa kulinganisha madaktari na hospitali uanze 1952. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule za udaktari (MD) za Marekani walipata kwa 93.5%. Sisi tuliosomea nje, tena si raia wa Marekani, ni 58.5%.

Kwenye kundi letu la WhatsApp watu walishangilia kana kwamba kila mmoja wetu ana karibu nafasi sita kwa kumi. Sivyo. Asilimia ile inawahesabu waliofika mwisho, waliowasilisha orodha ya programu wanazozipenda. Na orodha hiyo huijazi kwa hewa, unaijaza kwa programu zilizokuita kwenye mahojiano. Aliyelipia maombi, akasubiri mpaka Februari bila hata barua pepe moja, hayumo kwenye hesabu. Hakushindwa Machi. Alishindwa Oktoba, na hakuna takwimu iliyomwona.

Basi mradi wetu tumeuandika hivi: kuitwa kwenye mahojiano. Tuko wachache, wengi tumemaliza Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), dada yetu mmoja yuko Goma. Kila jambo tutakalolifanya mpaka Septemba litapimwa kwa swali moja, je, linaongeza uwezekano wa mtu huko kufungua faili letu na kusema "huyu tumsikilize"? Kama haliongezi, pesa na usingizi wetu viende kwingine.

9 Aprili

Wiki nzima imeliwa na majina.

Asiye Mkongomani hawezi kuelewa. Tangu sera ya Mobutu ya 1972 tuna jina, postnom (jina la pili la kiasili), na wengi wetu tuna prénom ya ubatizo iliyorudi baadaye. Karani mmoja anaandika vitatu vyote kwa mpangilio huu, mwingine kwa mpangilio ule, wa tatu anaunganisha jina na postnom kwenye mstari mmoja. Halafu kuna tahajia. Mwenzetu wa Ruashi ni Mwamba kwenye pasipoti na Muamba kwenye diploma. Kwa Katanga nzima ni mtu yule yule, hata bibi yake anaandika vyovyote. Kwa kompyuta ya ECFMG, shirika la Marekani linalothibitisha vyeti vya madaktari waliosomea nje, ni watu wawili, mmoja ana pasipoti na mwingine ana udaktari.

Na si suala la ofisi tu. Kibali cha mtihani wa USMLE, ule wa leseni ya udaktari Marekani wenye hatua tatu (Step 1, 2 na 3), kinabeba jina uliloandikishwa nalo, na mlangoni kwenye kituo cha mtihani wanalilinganisha na kitambulisho chako. Lisipolingana hauingii, na nauli ya ndege hairudi.

Tulichoamua: pasipoti ndiyo inayoongoza. Kila kitu kingine kinafuata tahajia yake, na pale diploma inapotofautiana tunatafuta hati rasmi inayosema hawa wawili ni mmoja. Yaya yule, mkubwa wetu wa Ruashi, amepanda na kushuka ngazi za utawala mpaka makarani wanamsalimia kwa jina (lipi kati ya mawili, hakusema). Hati ameipata. Nawashauri wadogo zetu walio mwaka wa tano na wa sita waanze na hili kabla hawajanunua hata kitabu kimoja cha maswali.

Tafsiri nazo: relevé zetu za alama ziko kwa Kifaransa, ECFMG inataka Kiingereza, neno kwa neno, kwenye karatasi yenye kichwa cha mtafsiri au ofisi, na tamko lililotiwa saini kwamba tafsiri ni sahihi. Jirani anayejua Kiingereza vizuri haitoshi.

Mei

Mitihani. Nitapita haraka kwa sababu kila mtu anaandika juu ya mitihani.

Step 1 tangu 26 Januari 2022 haina alama, ni kufaulu au kuanguka. Uzito wote umehamia Step 2 CK, mtihani wa maarifa ya kliniki: mwaka 2024 ulikuwa sehemu nane za saa moja moja, siku ya saa tisa. Alama ya kufaulu mwaka 2024 ilikuwa 214, lakini kwetu 214 ni mlango wa kuingilia uani tu, bado nyumba. Ukomo ni majaribio manne kwa kila Step, na programu nyingi zinachuja hata aliyeanguka mara moja. Kwa hiyo msimamo wa kundi: asiye tayari anaahirisha. Kulipa kuahirisha ni nafuu kuliko alama ya kuanguka itakayokufuata maisha.

Kituo cha karibu tunachokitumia ni Nairobi. Mwenzetu alipomwambia mama yake "naenda Kenya kufanya mtihani", mama akampa pesa ya teksi na kumwagiza nyanya. Kwa watu wa hapa Kenya ni mtaa, pale baada ya Kamalondo.

OET ya madaktari, mtihani wetu wa Kiingereza: 350 kwa kusikiliza, kusoma na kuzungumza, 300 kwa kuandika, vyote kwa kikao kimoja. Waliosoma kwa Kifaransa wanadhani kuzungumza ndiko kutawaangusha. Kundi letu limesumbuliwa zaidi na kuandika, maana barua ya rufaa ya Kiingereza inataka ukate mambo yasiyohitajika, na sisi tumefundishwa kuandika kila kitu.

22 Juni

Barua za mapendekezo. Hapa ndipo nimekaa kwa muda mrefu zaidi, na naamini ndipo wengi wetu tunapotea bila kujua.

Barua ya kawaida ya kwetu mnaijua. Inaanza: "Mimi niliyetia saini hapa chini nathibitisha kwamba Docta fulani amefanya kazi katika huduma yetu kuanzia tarehe hii hadi tarehe hii, kwa kuridhisha." Mistari minne, muhuri wa duara, saini inayokata muhuri. Ofisini kwetu hiyo ni barua nzito, muhuri ndio unaosema. Mkurugenzi wa programu ya Marekani akiisoma anaelewa kwamba mwandishi hakumfahamu mwombaji, au alimfahamu na hakutaka kusema. "Kwa kuridhisha" kwao ni kama kumwambia mpishi kwamba chakula kilikuwa cha moto.

Nilimwendea profesa wangu wa watoto. Huwezi kumwambia professeur jinsi ya kuandika, adabu haikubali. Kwa hiyo nilienda na karatasi moja. "Professeur, nimeleta kumbukumbu za wagonjwa watatu tuliowaona pamoja, pengine zitakusaidia." Nikaandika ukweli mtupu bila sifa. Mmoja alikuwa mtoto wa miaka miwili mwenye malaria kali, hemoglobini 3, usiku wa Jumapili, benki ya damu haina kundi lake. Niliandika nani aliitwa, saa ngapi, baba alipimwa saa ngapi, damu iliingia saa ngapi, na kwamba nilimwamsha yeye Prof kwa simu kwa sababu mtoto alianza kuhema vibaya katikati ya kuongezewa damu.

Aliisoma akiwa amesimama. Akasema, "Uliniamsha, kweli. Nilikasirika." Kisha akaketi.

Barua aliyoandika (kwa Kifaransa, tukaifanyia kazi pamoja kwa Kiingereza, akaisahihisha mwenyewe) inasema alikasirika kwa dakika moja, kisha akaona kwamba aliyempigia alikuwa ameshapunguza kasi ya damu, ameshasikiliza mapafu, na alikuwa na swali moja tu la kuuliza. Inasema miongoni mwa madaktari vijana waliopita mikononi mwake anamweka wapi huyu. Sentensi hiyo ya kulinganisha ndiyo wanayoitafuta.

Ya kiufundi: barua haipiti mikononi mwetu. Mwandishi anaipakia mwenyewe kwenye mfumo akitumia namba ya fomu tunayompa. Tunatia alama kwamba tumeacha haki ya kuisoma, la sivyo wasomaji wanaitilia shaka. Kila programu inapokea barua nne kwa wingi wake. Muhuri hauhitajiki. Prof alitaka kuuweka hata hivyo, na uliwekwa.

Barua za Marekani zenyewe ni suala jingine. Programu nyingi zinataka angalau moja kutoka kwa daktari wa huko. Njia yetu ni kwenda kama mtazamaji, unasimama pembeni ya kitanda wala humgusi mgonjwa, na viza ya ziara unaiombea Kinshasa. Mwenzetu mmoja amefika Ohio kwa njia hiyo. Kuna mawakala wanaouza mwezi wa utazamaji katika kliniki ya mtu binafsi kwa bei ya kununua pikipiki. Maoni yangu: kama pesa ni ya mara moja, iende kwenye hospitali yenye programu yake ya residensi, hata kama ni wiki chache, kwa sababu mtu atakayekuandikia ndiye pia atakayeulizwa "unamjua huyu?"

3 Agosti

Jedwali la programu. Tulianza na hesabu ya pesa ili kila mtu atulie.

Ada ya ERAS, mfumo wa mtandaoni wa kutuma maombi, msimu huu ni dola 11 kwa kila programu mpaka ya 30, kisha dola 30 kwa kila moja inayozidi. Programu 30 ni dola 330. Programu 60 ni dola 1,230. Programu 100 ni dola 2,430. Ushauri unaozunguka mitandaoni, "omba mia na hamsini, moja itashika", umeandikwa na watu ambao dola 2,000 kwao si mishahara ya miezi. Na ni ushauri mbaya hata kwa mwenye nazo, maana nusu ya mia na hamsini hizo zitamtupa nje kwa kichujio kabla mtu hajasoma neno.

Vichujio vyenyewe ni hivi, na kila kimoja kina safu yake kwenye jedwali letu: wanadhamini viza gani, wanakubali waliohitimu miaka mingapi iliyopita (wengi wanasema mitano, na hapo mimi niliyemaliza 2020 nimesimama ukingoni), wanadai uzoefu wa kliniki Marekani au la, wanavumilia kuanguka mtihani au la. Safu ya mwisho ndiyo ninayoipenda: fungua ukurasa wa marezidenti wao wa sasa, soma walikosoma. Programu inayosema "tunawakaribisha wahitimu wa kimataifa" huku picha zote ni za shule za jimbo lile lile, hiyo imeshakujibu.

Viza kwetu ni J-1, ile ya mafunzo, basi. H-1B, ile ya kazi, inadai Step 3, na Step 3 inafanywa Marekani pekee, kwa hiyo kwa mtu aliyeko Katuba ni ngazi iliyowekwa juu ya paa.

18 Agosti

Usiku wa jana tukila bukari (ugali) kwa yaya wa Ruashi, mazungumzo yakageuka. Tulikuwa tunajipanga kwa yale tunayoyakosa: uzoefu wa huko, machapisho, watu wa kutujua. Dada wa Goma, kwa simu iliyokuwa inakatika, akauliza: "Na tulichonacho sisi, wao hawana, ni nini?"

Kiswahili. Katika mwaka wa fedha 2023 Kongo iliongoza nchi zote kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, zaidi ya 18,000. Watu wa Kivu na wa Tanganyika, waliopitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda. Wamepelekwa Kentucky, Iowa, Maine, Texas, Idaho. Wanazaa huko, wana presha huko, wanapeleka watoto kliniki huko, na lugha wanayoisema wakiumwa ni yetu.

Sheria ya huko inazitaka hospitali zinazopokea pesa za serikali kuu zitoe mkalimani, kwa hiyo rezidenti anayejua Kiswahili hamfukuzi mkalimani kazini. Lakini anasikia jambo ambalo mkalimani wa simu halifikishi. Mama akisema mtoto "ana moto mwilini" na akisema "ana mafua ya kifua", anasema mambo mawili yenye historia mbili, na pengine tayari amempa kitu cha mganga ambacho hatakitaja mbele ya mgeni.

Tumelipanga upya jedwali lote kwa jicho hilo. Msimu huu tiba ya ndani inampa mwombaji ishara 15 za kutuma kwa programu anazozitaka zaidi, 3 za dhahabu na 12 za fedha. Tiba ya familia inatoa 5. Pia kuna upendeleo wa kijiografia, nchi imegawanywa kanda tisa, unachagua hadi tatu na kueleza sababu kwa ufupi. Mwanzoni wote tulikuwa tumeandika New York, kwa sababu ndiko kila mtu ana binamu. Sasa dada wa Goma ameiweka kanda ya Kentucky, na mimi kanda ya Iowa, na tunaweza kueleza kwa nini bila kubuni.

Septemba

Mfumo umeanza kupokea tarehe 4, programu zinaanza kusoma tarehe 25. Kati ya hizo mbili kutangulia hakuongezi chochote, lakini baada ya 25 unaanza kuwa nyuma. Tumetuma wote kabla.

Sehemu ya uzoefu inaruhusu mambo kumi, matatu kati yake yakiwa yale muhimu zaidi kwako. Vijana wetu wanajaza kumi kwa nguvu: semina ya siku moja, cheti cha kunawa mikono. Nimewaambia wafute. Mlipuko wa surua wa 2019 uliua zaidi ya watu 6,000 nchini, na wengi wetu tulikuwa wodini au kwenye chanjo tukiwa wanafunzi. Hiyo peke yake, ikielezwa vizuri, inafunika vyeti vyote. Usiandike kwamba hospitali haikuwa na kitu. Andika ulifanya nini pasipokuwa na kitu. Kipimo hakuna, ulitumia dalili gani? Oksijeni ni ya mtungi mmoja na watoto ni wawili, nani aliamua na kwa msingi gani?

Utafiti: machapisho yetu ni machache. Walionayo ni ripoti za wagonjwa kwenye jarida la Afrika linalopokea Kifaransa. Yanatosha. Lubumbashi ina somo la utafiti ambalo wengine wangelililia: mwaka 2020 watafiti wa hapa na wa Ubelgiji walichapisha matokeo yakionyesha kwamba watoto ambao baba zao wanafanya kazi kwenye migodi wana hatari zaidi ya kuzaliwa na kasoro. Mdogo wetu mmoja alikusanya data kwenye wodi ya wazazi kwa kazi ya namna hiyo na alikuwa ameificha chini kabisa ya faili lake, eti hakuwa mwandishi. Tumeipandisha juu.

Barua ya kujieleza: ukurasa mmoja. Nimesoma rasimu nyingi ambamo bibi anafariki kwenye aya ya kwanza. Poleni sana kwa bibi zenu.

Oktoba na Novemba

Ukimya, kisha mialiko miwili wiki moja, ya dada wa Goma, zote Kentucky. Programu za tiba ya familia alizozitumia ishara. Kisha mmoja wangu, Iowa. Yaya wa Ruashi, mwenye alama za juu kuliko sisi sote na aliyegoma kuacha New York, bado.

Mahojiano ni kwa video. Jambo ambalo hakuna mwongozo unaowaambia watu wa huku: saa zao zinahama. Sisi hatubadilishi saa, wao wanabadilisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mahojiano ya saa tatu asubuhi ya Kentucky mwezi Oktoba ni saa tisa alasiri ya Lubumbashi na Goma. Baada ya tarehe 3 Novemba ni saa kumi. Iowa ongeza saa moja. Tumeandika saa zote mbili kwa kalamu nyekundu ukutani.

Na Novemba ndiyo mvua. Saa kumi jioni kwetu ni saa ya mvua kupiga mabati, na chini ya mabati yasiyo na dari hata wewe mwenyewe hujisikii. Tumekodi chumba chenye dari Kampemba kwa jioni za mahojiano tu. Betri ya gari na inveta kwa kompyuta na modemu, laini za kampuni mbili tofauti, mega za intaneti zimenunuliwa asubuhi na si dakika tano kabla. Simu ya pembeni imefunguliwa na namba ya mratibu wa programu imeandikwa kwenye karatasi, ili umeme na mtandao vikifa pamoja umpigie mtu, usimwachie kioo cheusi.

Mazoezi tunafanya kila jioni. Swali linalotuumbua: "Eleza hali ngumu ya kimaadili uliyokutana nayo." Kila daktari wa hapa anayo ile ile, mgonjwa aliyepona na kuzuiliwa wodini kwa sababu familia haijalipa. Mara ya kwanza tulijibu kama mawakili wa nchi, tukieleza bajeti ya afya. Mhoji hataki bajeti. Anataka kujua wewe ulisimama wapi asubuhi ile, ulimwambia nani, na mama yule alitokaje. Dada wa Goma alijibu kwa sentensi sita, na katika sentensi ya nne alikiri kwamba alichangisha wauguzi mara moja kisha akaona hawezi kufanya hivyo kila wiki, ndipo alipokwenda kwa mkurugenzi. Hakuna aliyemrekebisha.

29 Januari 2025

Goma imeanguka mikononi mwa waasi wa M23 tangu Jumatatu. Umeme, maji, mtandao vimekatika kwa vipindi. Uwanja wa ndege umefungwa. Dada yetu yuko hospitalini, hajatoka, majeruhi ni wengi kuliko vitanda. Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa mfupi: "Niko mzima. NRMP."

Tulielewa. Mwisho wa kujiandikisha kwa ada ya kawaida, dola 70, ni tarehe 31, na benki za Goma zimefunga. Bila kujiandikisha huko mahojiano yote ni bure. Alikuwa ametuachia barua pepe ya akaunti na ruhusa tangu Desemba, kwa sababu kila mtu wa Goma anaishi akijua. Tumelipa kutoka hapa kwa kadi ya yaya wa Ruashi. Sijui kama anajua bado.

Jana Kinshasa waandamanaji wameshambulia balozi kadhaa, wa Marekani ukiwemo. Na tarehe 20 rais mpya wa huko alitia saini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi. Mdogo wetu anauliza kama hoja yetu ya Kiswahili imekufa. Hapana. Waliokwisha kufika wako huko, na watazidi kuugua kama watu wote.

1 Machi

Orodha ya upendeleo inafungwa tarehe 5. Watu wanataka kucheza hila: niweke kwanza ile iliyonitabasamia. Hakuna hila ya kucheza. Hesabu inaanza na chaguo la mwombaji. Alvin Roth, aliyepata Nobeli ya uchumi 2012 pamoja na Lloyd Shapley, ndiye aliyeshiriki kuirekebisha miaka ya 1990. Kuiweka programu ngumu juu hakukupunguzii nafasi kwenye zile za chini. Panga kwa jinsi unavyotaka kweli. Na programu ikikuuliza utaiweka ya ngapi, kanuni zinaikataza kuuliza. Jibu kwa upole bila kutaja namba.

Dada wa Goma amepata mtandao kwa laini ya upande wa Rwanda. Orodha yake ameithibitisha mwenyewe.

17 Machi

Saa kumi jioni (huko tayari wamesogeza saa zao tena). Barua pepe ya NRMP haisemi wapi, inasema tu umepata au hukupata. Dada wa Goma amepata. Mdogo wa data za wodi ya wazazi amepata. Yaya wa Ruashi hapana. Mimi hapana.

SOAP, duru ya pili ya waliokosa, inaanza leo: nafasi zilizobaki, maombi yasiyozidi 45, na ni marufuku kumpigia mtu yeyote wa programu kabla hawajakuanza wao. Tumekaa na jedwali lile lile, tukatoa zisizodhamini J-1. Zilizobaki zilienea kwenye kioo cha simu bila kusogeza kidole.

24 Machi

SOAP haikutupa kitu. Takwimu za mwaka huu: nafasi 43,237, na sisi wa nje 58.0%.

Kazi ya wiki hii ni ya waliopata. Wizara ya Afya Kinshasa inatakiwa kutoa barua inayosema nchi inahitaji wataalamu wa fani hiyo na kwamba daktari ataahidi kurudi. Bila barua hiyo ECFMG haidhamini J-1, na baada ya mafunzo kuna miaka miwili ya kurudi nyumbani. Mdogo anapanda ndege Alhamisi kufuatilia zote mbili, yake na ya dada. Dada atatoka Goma kupitia Gisenyi mpaka Kigali, kisha Kinshasa kwa ndege. Kazi inaanza Julai, na miadi ya viza bado.

Yaya wa Ruashi ameifuta New York kwenye jedwali lake usiku wa jana, mbele yetu. Mimi mwaka wa kuhitimu umenifikia mitano, kwa hiyo programu zenye kikomo hicho zimetoka na safu imebaki fupi. Nimeandikia hospitali mbili za Iowa kuomba wiki nne za utazamaji mwezi Agosti. Moja imejibu inataka chanjo ya homa ya ini na kipimo cha kifua kikuu. Naenda kuchomwa kesho asubuhi kabla ya zamu.